Gharama ya maji haimo katika bei ya makaa

Wanaofuatilia soko la makaa ya mawe bado wanaukumbuka mwaka 2022. Vita vya Urusi na Ukraine viliwafanya wanunuzi wa Ulaya watafute makaa kwingine, bei katika soko la dunia ikavuka dola za Marekani 400 kwa tani, na malori yakawa hayaishi njiani kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Mwaka uliofuata bei iliporomoka, kama ilivyo kawaida ya bidhaa hii.

Somo hilo la bei kila mfanyabiashara amelielewa. Lipo somo la pili ambalo jedwali la bei halilionyeshi, nalo ni la maji.

Matabaka ya makaa mara nyingi huwa na pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Ikiwa imefunikwa ardhini haina madhara. Mwamba ukichimbuliwa, hewa na maji ya mvua vikaifikia, hutoka tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu kutoka kwenye mawe, ikateremka vijitoni na kuzama hadi kwenye maji ya visima. La kumtia mashaka mwekezaji ni muda wake. Mgodi ukiwa kazini, pampu huyaondoa maji. Ukifungwa, pampu huzimwa, mashimo hujaa, na maji machafu huanza kufurika, pengine miaka mingi baada ya gawio la mwisho kulipwa.

Mfano uko Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga. Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji yenye tindikali kutoka eneo la migodi ya makaa yaliingia katika bwawa linalohudumia mji wa Carolina. Wakazi walikaa miezi kadhaa bila maji ya bomba yanayofaa kunywewa, hadi Julai mwaka huo Mahakama Kuu ya Pretoria ilipoiamuru halmashauri iwapelekee maji ya muda ndani ya saa 72. Katika jimbo hilohilo, mjini eMalahleni, kampuni za Anglo American na BHP Billiton zilijenga mtambo wa kusafisha maji ya migodini, ukafunguliwa mwaka 2007. Mtambo huo umeuuzia mji maji ya kunywa, jambo la kupongezwa. Lakini mtambo wa namna hiyo unakula umeme na fedha kila siku, na maji hayaachi kutoka kwa sababu makaa yamekwisha.

Turudi nyumbani. Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yako katika bonde la Ruhuhu, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Mbinga ni wilaya ya kahawa, na kahawa nzuri huoshwa kwa maji safi ya vijito. Ziwani kuna dagaa wanaouzwa mbali na Ruvuma. Biashara hizo zilikuwapo kabla ya lori la kwanza la makaa, na zinatakiwa ziwepo baada ya lori la mwisho.

Hatusemi kwamba yaliyotokea Carolina yametokea Mbinga. Si makaa yote yenye salfa nyingi, na mawe mengine yana chokaa ya kuizima tindikali. Ndiyo maana upimaji unatakiwa. Wala hatusemi migodi ifungwe. Tangu Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vyetu vya saruji vimeyategemea makaa ya ndani. Kwa hiyo mwenye hisa za saruji naye yumo katika hesabu hii, hata kama hajawahi kuuona mgodi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla mradi haujaanza, na inaruhusu mwekezaji kutakiwa kuweka dhamana ya fedha. Sheria ipo, wa kuuliza ndiye haba. Tunashauri kila mwenye hisa auulize mkutano mkuu maswali matatu. Je, visima na vijito vilipimwa kabla ya uchimbaji, na matokeo yako wapi? Je, dhamana iliyowekwa inatosha kusafisha maji, au inatosha kupanda miti tu? Na siku mgodi ukifungwa, nani atalipa bili ya pampu?

Kampuni isiyo na majibu inauza makaa kwa bei nafuu kwa sababu sehemu ya gharama imewaachia wanavijiji, na deni la namna hiyo lina tabia ya kurudi kwa mwenye mali kupitia mahakamani. Wahenga walisema rahisi ghali. Mwekezaji mwerevu huulizia gharama ya maji kabla ya kununua hisa, si baada ya kisima kuharibika.