Gari Inayokosa Nguvu Njiani: Andika Kwanza, Nunua Nyuma



Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja wa kikundi cha akiba. Kikundi chao kilinunua Toyota moja ya kubeba bidhaa za soko. Ikipanda mlima na mzigo, mara inakosa nguvu na kushtukashtuka, kisha inarudi kuwa nzima kana kwamba hakuna kitu. Wamekwisha kubadilisha bujii, batri na pompi ya esansi, kila mara kwa shauri la fundi mwingine. Ugonjwa umebaki, akiba inakwisha, na sasa wamama fulani wanasema shofere anaiba esansi. Wengine wanataka warudishiwe sehemu yao. Mama anauliza: tufanye nini?

Mama, msinunue kitu kingine kwanza. Chukueni kaye na kalamu.

Ugonjwa wa kuja na kwenda tunaujua sisi wazazi. Usiku mtoto anachemka, lakini asubuhi ukimfikisha kwa muuguzi mwili umepoa. Muuguzi mwenye akili hasemi kwamba mama anadanganya. Anauliza homa ilianza lini, inapanda saa gani, mtoto alikula nini. Gari nayo ni hivyo. Inafika garaji imepoa na haina mzigo. Fundi anaizungusha kidogo, haoni kitu, basi anakisia. Kukisia huko ndiko kunakokula franga za kikundi.

Ulizo la kwanza: ni nini kinachokufa?

Kama moteri, taa na redio vinakufa pamoja, umeme wa gari unakatika. Tazameni pale nyaya kubwa zinapofungwa juu ya batri: je, zinalegea? Zina unga mweupe au wa kijani? Tazameni pia waya unaotoka batri kwenda kwenye chuma cha gari, na mahali pa ufunguo. Batri mpya juu ya waya uliolegea ni franga zilizotupwa.

Kama moteri inazima lakini taa zinabaki, basi esansi haifiki au moto wa bujii unakatika.

Kama moteri haizimi lakini haivuti, sikilizeni sauti yake. Ikilia kwa nguvu na mwendo hauongezeki, huenda ambrayaji imekwisha na inateleza. Ikiwa sauti nayo inashuka, moteri inakosa esansi, inakosa hewa kwa sababu ya filtri iliyojaa vumbi, haipati moto mzuri wa bujii, au moshi wake hautoki vizuri. Tazameni pia mshale wa joto, maana moteri iliyochemka kupita kiasi hupoteza nguvu.

Ulizo la pili: inatokea lini?

Hapa ndipo kaye inafanya kazi. Kila mara gari inapokosa nguvu, shofere asimame mahali salama, kisha aandike: siku na saa, mlima au tambarare, mzigo, mshale wa esansi ulipo, mvua au jua, moteri baridi au moto, taa gani imewaka mbele yake, na ilichukua dakika ngapi kupona. Fanyeni hivyo juma moja au mawili. Kisha someni pamoja.

Ikiwa ni mlimani na mzigo tu, shukuni kwanza filtri ya esansi. Tambarare moteri inaomba esansi kidogo na filtri chafu inaweza kuitoa. Mlimani inaomba nyingi, filtri haiwezi. Pompi mpya nyuma ya filtri ya zamani haitasaidia.

Ikiwa ni wakati tanki iko karibu na kuisha, uchafu na maji yaliyo chini yanavutwa, na kwenye mteremko pompi inaweza kuvuta hewa. Katika gari nyingi pompi iko ndani ya tanki na inapozwa na esansi yenyewe. Kwa hiyo msizoee kutembea chini ya robo ya tanki.

Ikiwa inazima ikiwa moto, ikapumzika, kisha ikaondoka tena vizuri, shukuni koili za bujii, pompi, au kile kifaa kidogo cha umeme kinachohesabu mizunguko ya moteri. Vyote hivyo vinaweza kuchoka kwa joto na kuamka vikipoa. Ikiwa ni siku za mvua, koili au waya wenye ufa unapoteza umeme. Ikiwa ni kwenye mashimo, kuna waya unaocheza. Na ikiwa mnafungua kifuniko cha tanki, hewa inavutwa ndani kwa sauti na gari inapona, basi tanki haipumui.

Kuna jaribio moja la franga kidogo, hasa kwa sisi tunaonunua esansi ya bidoni kando ya barabara. Chukueni esansi kidogo katika chupa ya kioo, safi na kavu. Iacheni itulie muda wa saa moja. Lita ya esansi ina uzito wa karibu gramu 750, ya maji ni gramu 1.000, ndiyo sababu maji yatashuka chini na mtaona mstari kati yao. Wenye gari ya mazutu wanaweza kufanya vilevile. Fanyeni nje, mbali na mbabula, sigara na watoto, maana mvuke wa esansi unashika moto upesi.

Sasa mnaweza kwenda garaji, na kaye mkononi. Msiseme, “Tubadilishie pompi.” Semeni, “Inakosa nguvu mlimani, mzigo ukiwa mwingi, mara 6 katika majuma 2, taa ya moteri imewaka mara 2.” Kisha mwombeni fundi apime kabla ya kuuza kitu. Batri nzima iliyopumzika ina karibu volti 12,6, na moteri ikiwaka ni kati ya 13,5 na 14,5. Nguvu ya pompi inapimwa kwa saa yake. Gari nyingi za miaka ya karibuni zinakubali mashine ya kusoma kodi za makosa. Lakini kodi haitaji kifaa cha kununua. Kwa mfano, P0171 inasema kwamba esansi ni kidogo kulingana na hewa. Sababu inaweza kuwa filtri, pompi, au bomba la hewa lililopasuka. Fundi akisoma kodi na kuomba franga papo hapo, mwulizeni: umepima nini? Na kila kitu kilichotolewa, cha zamani kirudi kwa kikundi.

Njiani, uhai ndio wa kwanza. Gari ikikosa nguvu, shofere awashe taa za hatari na kujivuta pembeni mapema. Moteri ikizima, usukani unakuwa mzito, na freni inabaki laini kwa kukanyaga mara moja au mbili tu. Basi akanyage kwa nguvu bila kuachia. Asitoe ufunguo gari ikiwa bado inatembea, maana usukani unaweza kujifunga. Ikisimama kwenye mlima, wekeni jiwe nyuma ya matairi, shusheni watoto na kuwapeleka mbali na barabara, wala mtu asisimame nyuma ya gari yenye mzigo. Ikiwa taa ya moteri inamulika na kuzima bila kukoma, bujii hazichomi vizuri. Apunguze mwendo, asilazimishe mlima.

Na juu ya shofere: moteri inayoshtukashtuka inakula esansi zaidi. Kabla ya kumhukumu mtu, andikeni kilometa na lita asubuhi na jioni, pamoja na risiti. Gari ikitengenezwa na hesabu ikarudi sawa, mmeokoa kazi ya baba wa watu. Isiporudi sawa, mtazungumza naye mbele ya kaye, bila makelele. Kila mwenye sehemu katika gari apewe nafasi ya kuisoma, hata yule anayetaka kuondoka katika kikundi.