Sindano ya mtoto asiyeumwa



Mama mmoja alitujia na swali ambalo wazazi wengi wanalo. Binti yake, mwenye miaka 11, alipimwa pamoja na wenzake wa masomoni. Waganga wakamwambia mama kwamba moyo wa mtoto una alama ndogo ya ugonjwa, na kwamba yampasa kupigwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma 4, kwa muda wa miaka. Mama akatuambia: «Mtoto anakula, anacheza, anakwenda masomoni mbio. Haumwi hata kidogo. Kwa nini nimtie uchungu kila mwezi?»

Swali hili si la upuzi. Waganga wenyewe wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Leo twataka kueleza mabishano hayo yalikofika.

Kwanza tuujue ugonjwa. Ndani ya moyo mna milango 4 midogo inayofunguka na kufungika kila moyo upigapo, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Ugonjwa tunaousema huharibu milango hiyo, lakini huanzia mbali nayo, katika koo. Kijidudu kiitwacho streptokoki huingia kooni mwa mtoto, koo likauma, homa ikapanda. Mwili hutuma walinzi wake kukipiga. Kwa watoto wengine walinzi hao hukosea adui: baada ya majuma 2 au 3 huanza kuupiga mwili wenyewe. Viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini milango ya moyo yaweza kubaki na kovu. Koo likiuma tena na homa ikirudi, kovu jingine huongezeka juu ya lile la kwanza, hata milango ikawa minene na kushikamana, isifunguke vema wala kufungika. Ndipo mtu huishiwa pumzi akipanda kilima, na miguu yake huvimba. Wanawake wengine hugundua ugonjwa wao wakiwa na mimba, wakati moyo unapotakiwa kufanya kazi kupita desturi.

Shirika la Afya la Dunia lakadiri kwamba watu milioni 55 wana ugonjwa huu, na kwamba wapata 360,000 hufa kwa ajili yake kila mwaka. Katika nchi tajiri umekuwa haba, kwa kuwa watu hawasongamani katika nyumba, na koo lenye ugonjwa hutibiwa mapema. Kwetu bado upo. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa na kutangazwa mwaka 1998, juu ya wanafunzi 4,848, ulionyesha wagonjwa kama 14 katika kila 1,000.

Tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba mtu aliyekwisha kupata homa hiyo hulindwa na sindano ya penisilini. Juu ya hayo hapana ubishi mkubwa. Ubishi ulizuka ilipokuja mashine ya ekografia, inayoonyesha moyo ukipiga ndani ya kifua bila kupasua mwili. Mashine hiyo yaweza kuona alama katika moyo wa mtoto ambaye hakulalamika hata siku moja. Je, naye apigwe sindano? Wengine walisema ndiyo, ugonjwa uzuiwe ungali mchanga. Wengine walijibu: Alama nyingine hutoweka zenyewe, mtamtesa mtoto na kuwatia wazazi hofu, nanyi hamna ushuhuda.

Ushuhuda ulitoka kwa jirani zetu. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, watafiti walitazama mioyo ya watoto na vijana 102,200 wenye miaka 5 hata 17. Wakawachukua 818 walioonekana kuwa na alama ya kweli, ambao jamaa zao walikubali, wakawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipigwa penisilini kila majuma 4, la pili halikupigwa. Baada ya miaka 2 mioyo ilitazamwa tena na waganga wasiojua nani ni wa kundi gani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya watoto 399 waliopigwa sindano, ugonjwa ulizidi kwa 3 tu. Kati ya 400 wasiopigwa, ulizidi kwa 33.

Hata hivyo, tuseme kweli yote. Wengi wa wale 400 hawakuzidiwa katika muda ule, na hakuna ajuaye mapema ni mtoto yupi atakayezidiwa. Ili kumwokoa mmoja, yapasa kuwapiga sindano watoto wapata 13 kwa miaka 2. Watoto 2 walipata madhara makubwa kwa ajili ya dawa. Tena waganga wangali wanashindana kama yafaa kupima watoto wa masomo yote ya nchi: kumwonyesha mzazi alama ya ugonjwa, na huku dispensari yake haina penisilini, ni kumtwisha hofu bure. Watafiti wa Uganda walianzisha pia uchunguzi mwingine, kulinganisha vidonge na sindano.

Wazazi wengine huogopa sindano kwa kuwa wamesikia habari za mtu aliyekufa mara baada ya kupigwa. Mwaka 2022 chama cha waganga wa moyo cha Marekani kilieleza kwamba vifo vingi vya namna hiyo yaelekea vilitokana na moyo uliokwisha kudhoofika sana. Wagonjwa wa namna hiyo hushauriwa kutumia vidonge. Kwa wengine wote, yafaa mtoto anywe maji ya kutosha kabla ya sindano, na alale kitandani wakati wa kupigwa.

Basi tulimjibu yule mama hivi: Sindano haiondoi kovu la kale, kazi yake ni kuzuia kovu jipya. Mtoto wako anacheza kwa sababu milango ya moyo wake ingali mizuri, nawe unaombwa kuilinda ingali hivyo. Usiikatishe dawa kwa shauri lako mwenyewe. Andika tarehe ya kila sindano, na ukiona shaka, mwulize mganga aliyeuona moyo wa mtoto.

Na kwenu wazazi wote: Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, au viungo vikimuuma kwa kuhamahama, msingoje. Mpelekeni dispensari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlango wa moyo ni ukuta wa gharama kubwa. Jamaa nyingi hazina njia ya kuujenga upya.