Kabla ya tingatinga kugusa udongo wenye sumu, mzazi, uliza haya

Mtoto akipatikana na madini ya risasi mwilini, tiba ya kwanza ni kumtenga na chanzo cha sumu hiyo. Dawa zipo, nazo hutumika kiwango kikiwa juu sana. Lakini akitibiwa kisha akarudi kucheza kwenye udongo uleule, tutakuwa tunateka maji kwa pakacha.

Ndiyo maana suala la mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ni la afya kama lilivyo la sheria. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari hapo kilifungwa mwaka wa 2014. Julai 2020, mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni na mahali hapo pasafishwe. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha fidia.

Fidia ni haki yao. Hata hivyo, risasi haiozi. Hubaki kwenye udongo wa juu, ambao watoto huuchezea na kuutia mdomoni. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Huathiri ubongo wake na kupunguza damu. Hukaa mifupani miaka mingi, na mwanamke akishika mimba huweza kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kisicho na madhara.

Basi pasafishwe haraka? Ndiyo, lakini usafishaji wenyewe unaweza kudhuru. Katika mji wa Corby, Uingereza, halmashauri ilisafisha ardhi ya kiwanda cha chuma kilichofungwa ili itumike upya. Kwa miaka mingi, kuanzia 1985, malori yalipitisha taka zenye sumu mjini, matope na vumbi vikienea. Baadhi ya watoto wa eneo hilo walizaliwa na kasoro za mikono na miguu. Mwaka wa 2009, Mahakama Kuu iliamua kuwa halmashauri ilizembea, na kwamba uchafu ule ungeweza kusababisha kasoro hizo.

Kwa hivyo, mkiitwa kutoa maoni kuhusu ardhi ya aina hii, msikubali kuulizwa tu kama mnataka nyumba mpya au soko. Ulizeni: Udongo umepimwa wapi na kwa kina gani? Utaloweshwa ili vumbi lisipeperuke? Malori yatafunikwa, yatapita njia gani, na udongo utatupwa wapi? Wajawazito na watoto watahamishiwa wapi kazi ikiendelea? Damu ya watoto itapimwa kabla na baada ya kazi, na nani atagharamia? Takeni majibu kwa maandishi.

Nanyi mna la kuwaeleza wataalamu. Mwenye mashine ya kupima hajui watoto hucheza wapi jioni, wala nguo huanikwa upande gani. Mama anajua. Bila habari hiyo, sampuli zaweza kuchukuliwa pasipostahili.

Mkisubiri, acheni viatu mlangoni, pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, na mwoshe mtoto mikono kabla ya kula. Mpeni maharagwe, mboga za majani, maziwa na omena, kwani mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Hatua hizi hupunguza sumu inayoingia mwilini. Kuiondoa kwenye udongo ni kazi ya serikali, na mkutano wa maoni ndipo pa kuidai.