Ile filamu ya 1956 inatushinda na simu zetu

Wasee, kabla mniambie filamu nyeusi na nyeupe ni za babu zetu: The Girl Can't Help It inaanza hivyo makusudi. Jamaa anasimama kwenye kafremu kadogo kasiko na rangi, anakasukuma kanapanuka, halafu rangi zinawaka.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Jambazi tajiri anataka dem wake, Jayne Mansfield, awe staa wa kuimba ndani ya wiki sita, na dem anataka tu kupika na kulea watoto. Mwongozaji Frank Tashlin alitoka kwenye katuni, na inaonekana. Hata rock and roll anaitania: Jayne anapiga kelele kama king'ora na wimbo unauza!

Lakini Little Richard akisimama kwenye piano, utani unaisha. Fats Domino yuko, Gene Vincent yuko, Abbey Lincoln yuko na gauni jekundu. Kinachoniudhi ni kwamba wasanii weusi hawakupewa nafasi kwenye hadithi; wanaimba, wanatoka. Ila angalau walipigwa picha vizuri, sura na bendi, na leo ni wao tunaowatafuta, si lile jambazi. Mwaka wa 1968 Beatles walikatiza kurekodi wakaenda kuitazama kwenye TV.

Mwaka huo huo wa 1968, The Tremeloes wa Uingereza walitoa Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka wetu, yule wa twist. Sasa mtafute Kabaka YouTube, yeye na Fadhili William wa Equator Sound Band. Sauti utapata. Picha? Mara nyingi ni lebo ya santuri imeganda kwenye skrini mpaka wimbo uishe. Inauma.

Na sisi wenye kamera mfukoni tunafanya nini? Msanii wa mugithi anapiga gita hapa Kanja Jumamosi usiku, simu kibao ziko hewani, zote zimetugeukia sisi. Sekunde kumi na tano tunakata viuno, msanii yuko nyuma hana kichwa. Kepsheni haina jina lake. Mtu wa Runyenjes akiipenda hiyo ngoma, akitaka kumwita kwa harusi, atamtafuta na nini?

Najua mtasema video ndefu haipati views. Sawa, posti yako fupi, kata kiuno, sina neno. Lakini mara moja kwa usiku geuza simu, simama kando ya spika (si mbele yake, sauti itapasuka), mrekodi wimbo mmoja mpaka mwisho. Andika jina, mahali, tarehe. Na umwulize kwanza kabla ya kuiweka. Huenda ana namba ya M-Pesa anataka ikae hapo pia.