Ya Utah Tuwaachie Utah, Sisi Tupimiwe Visima

Tangu jimbo la Utah lilipopiga marufuku kutia floraidi kwenye maji ya bomba mwaka 2025, simu yangu haijapumzika. Ndugu na marafiki walioko Dar es Salaam wananitumia video zilezile: daktari wa Kimarekani anafoka, chini yake maandishi ya Kiswahili yanasema serikali zinatuwekea sumu bombani. Halafu wananiuliza, wewe mtu wa Arusha, unasemaje?

Ninasema hivi. Hakuna mamlaka ya maji Tanzania inayotia floraidi kwenye bomba la mtu. Mimi nimezaliwa mteremkoni mwa Mlima Meru na nimeinywa floraidi tangu utotoni bila ya mtu kuitia. Imetoka kwenye miamba ya volkano, ikayeyukia kwenye maji yenye magadi mengi na chokaa kidogo, ikaingia kwenye chemchemi, mito na visima tunavyochota. Waliokuwa na wajibu wa kuitoa ndio ninaowaandikia leo.

Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa. Siku ya mahafali yake ya kidato cha nne mpiga picha alimwambia, "Cheka basi, leo ni siku yako." Akacheka, na papo hapo mkono ukapanda ukaziba mdomo. Hakuuamuru. Umezoea. Meno yake ya mbele yana michirizi ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, na kingo zake zimemomonyoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Anapiga mswaki asubuhi na usiku kuliko watoto wengi ninaowajua wa mjini. Mama yake, dada yangu, yuko kwenye picha ya harusi yake ya mwaka 1996 amebana midomo kama mtu aliyekasirika, na siku hiyo hakuwa na hasira hata chembe. Marehemu mama yetu alikuwa akicheka huku amevuta upindo wa khanga hadi puani. Vizazi vitatu, maji yaleyale.

Na meno ndiyo sehemu inayoonekana tu. Wapo hapa kwetu Arumeru waliopinda miguu wakiwa watoto, wapo wazee ambao migongo na viuno vimekakamaa hawawezi kuinama kuokota fimbo. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huingia mifupani na haitoki kirahisi.

Sasa turudi Marekani kidogo, maana ndiko kelele zilikoanzia. Mji wa Grand Rapids, Michigan, ulianza kutia floraidi kwenye maji mwaka 1945 ili kuzuia meno ya watoto yasioze. Leo kiasi kinachopendekezwa huko ni miligramu 0.7 kwa lita. Ubishi wao una sababu zake na sitaudharau: mwaka 2024 taasisi ya serikali yao inayochunguza sumu ilitoa ripoti ikisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusishwa na watoto kupata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Zaidi ya 1.5, msomaji. Ripoti haikufikia uamuzi huo kuhusu 0.7.

Hiyo 1.5 ndiyo namba ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa ukomo wa maji ya kunywa. Wamarekani wengi hawanywi maji yanayozidi hapo. Watoto wa Ngarenanyuki, wa Maji ya Chai, wa vijiji vinavyouzunguka Meru, na wenzao wa Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, wameyanywa maisha yao yote. Mtu wa Kinondoni anayekosa usingizi kwa ajili ya bomba la Utah angeanza na hapa nyumbani.

Lakini kinachonichoma zaidi ni namba nyingine. Miaka ya 1970 nchi yetu iliandika viwango vya muda vya maji ya vijijini, na upande wa floraidi ikaandika 8. Miligramu nane kwa lita! Sababu ilielezwa waziwazi: maji mengine hayapo, tukiandika 1.5 tutafunga visima na watu watakufa kiu. Naielewa sababu hiyo. Taifa lilikuwa changa na maskini. Lakini neno lilikuwa "muda", na muda huo ulikula miongo. Baadaye ikaja 4, na ni juzijuzi tu tumefika 1.5 kwenye karatasi. Kwa miaka yote hiyo ofisa aliweza kupima kisima, akakuta 3, akaandika "yanafaa", akapanda gari akaondoka bila kusema uongo. Badala ya maji kusafishwa yafikie kiwango, kiwango kililegezwa kifuate maji. Mpwa wangu alikuwa anaota meno.

Tuna kaulimbiu nzuri ya kumtua mama ndoo kichwani, na mimi ninaipenda kwa moyo wangu wote, kwa sababu mama yangu alibeba hiyo ndoo hadi utosi ukamwota sugu. Nilihudhuria uzinduzi wa kisima kirefu jirani na kwetu. Utepe ulikatwa, vigelegele vikapigwa, kina mama wakacheza. Nilimvuta pembeni mmoja wa wataalamu, nikamuuliza floraidi ni kiasi gani. "Iko ndani ya viwango, mzee." Ni ngapi? "Ripoti iko ofisini." Niliifuata ofisini mara mbili, sikuonyeshwa. Hadi leo kwenye lile tangi kumeandikwa jina la mgeni rasmi na tarehe, na hakuna namba ya kinachonywewa.

Na hivyo dada yangu anaendelea kuchemsha maji, kwa sababu kliniki walimwambia achemshe. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki palepale na ukali wake huongezeka. Hakuna aliyemwambia kwamba magadi anayotia kwenye makande yalainike haraka nayo hubeba floraidi. Mwanamke huyu amefanya kila alichoagizwa.

Msiniambie haiwezekani. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kiko Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, na kimefanya kazi na makaa ya mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo ya chujio, maji yanapita, floraidi inanasa. Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki iliifanyia kazi njia hiyohiyo. Udhaifu wake unajulikana: makaa hushiba, na yakishiba hayanasi tena, lazima yabadilishwe. Hapo ndipo miradi yetu mingi hufia. Ndoo hugawiwa siku ya sherehe, mwaka unapita, hakuna anayerudi na makaa mapya, na familia inaendelea kupitisha maji kwenye chujio lililokufa ikiamini iko salama.

Wala hatuombi mlima wote usafishwe. Maji ya kufulia, ya kuogea, ya ng'ombe, yaacheni yalivyo. Familia ya watu watano inahitaji ndoo moja au mbili kwa siku za kunywa na kupikia. Hizo tu! Ziwe za mvua iliyovunwa kwenye mabati ya shule, ziwe za chanzo chenye floraidi kidogo kilichochanganywa na cha kijijini, ziwe za chujio ambalo makaa yake yana bajeti ya kubadilishwa kama dizeli ya pampu ilivyo na bajeti. Na kila kituo cha kuchotea maji kiandikwe namba yake kwa rangi kubwa, tarehe ya kipimo ikiwa pembeni, mama aisome kabla hajainamisha ndoo.

Nasema haraka kwa sababu meno hayasubiri kikao. Gamba la meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka minane, na likishatengenezwa vibaya hakuna dawa inayolirudisha. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata mama akinywa maji mabaya. Kwa miezi ile ya mwanzo mtoto amekingwa. Kisha anaanza uji.

Mjukuu wa dada yangu ana mwaka mmoja na nusu. Ameota meno manane ya utotoni, meupe, na anacheka na kila mtu mdomo wazi. Yale ya mbele ya ukubwani yanaumbwa sasa, chini ya hayo. Uji wake wa asubuhi unapikwa kwa maji ya kile kisima.