Tuulize Aina ya Jibu Kabla ya Kusahihisha

Kusahihisha hesabu ni kazi ambayo wengi wetu huifanya kwa haraka. Macho hutafuta jibu chini ya mstari, kalamu nyekundu hutia alama, na daftari linalofuata hufunguliwa. Kwa maoni yetu haraka hiyo huwadhulumu watoto, na mfano wa kulionyesha jambo hili tunaupata katika kompyuta.

Waandishi wa programu za kompyuta wanazo programu maalumu za kusaka makosa. Mojawapo ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Kwa msaada wake mtu aweza kuisimamisha programu katikati ya kazi, akaiagiza ifanye hesabu fulani, kisha akalitazama jibu. Lakini katika kompyuta nyingi majibu hayawekwi mahali pamoja: namba kamili zina kisanduku chake, na desimali zina chake. Hata pale kisanduku kinapokuwa kimoja, mtindo wa kuandika si mmoja. Zile tarakimu 32 za sifuri na moja zinazowakilisha desimali 1.0, zikisomwa kama namba kamili, hutoa 1,065,353,216.

Kwa miaka mingi GDB, ilipokosa habari za aina ya jibu, ilichukulia tu kwamba ni namba kamili. Hivyo aliyetaka kipeuo cha pili cha 2 aliweza kupewa namba isiyohusiana kabisa na swali. Hesabu ilikuwa imefanywa sawasawa. Aliyekosea ni msomaji wa jibu. Tangu toleo la 8.1, lililotoka mwaka 2018, GDB imeacha kukisia. Hukataa kuendelea mpaka itajiwe aina ya jibu. Ikiambiwa ni desimali, hutoa 1.4142135623730951.

Je, sisi hatukisii? Tunauliza 7 gawanya kwa 2. Mtoto mmoja anaandika 3 baki 1, wa pili 3½, wa tatu 3.5. Mwalimu aliyekwisha kuweka moyoni 3.5 huwakata wawili wa kwanza, ingawa wote wamegawanya vema. Tukiuliza mtumbwi unaochukua abiria 2 utawavusha abiria 7 kwa safari ngapi, jibu ni 4, na hapo 3.5 haifai.

Huenda ikasemwa kwamba darasa lina watoto wengi na nafasi ya kumwuliza kila mmoja haipo. Ni kweli. Lakini aina ya jibu yaweza kutajwa katika swali lenyewe: “Andika jibu kwa desimali,” au “Taja baki.” Maneno hayo machache hayamchoshi mtu.

Basi, ndugu walimu wanafunzi, mwendapo mazoezini tunawasihi mlitazame swali lenu kabla ya kulikata jibu la mtoto. Mtoto aliyekatwa bila kosa mara nyingi hudhani hesabu si fungu lake, na kumrudisha ni kazi ngumu.