Kipupwe cha Kisii na Picha Inayosema Kiswahili

Sisi watu wa pwani tukitaja kipupwe, twakusudia ule upepo mwanana wa Julai unaotuwezesha kulala bila ya kutoka jasho. Huko Nyamira nilikuta kipupwe cha namna nyingine. Niliamka katika ukungu mzito, maji ya udhu yakanichoma vidole mithili ya moto, na koti nililoazimwa likawa si pambo tena bali ni faradhi.

Nilikuwa nimekwenda arusi ya jamaa, na siku moja ikabaki tupu. Wenyeji wangu wakanihimiza nikatembee. Mtu wa Mombasa akihimizwa kutembea bara, huuliza, "Kuna nini cha kutazama?" Nami niliuliza hivyo hivyo, na makala haya ni kafara ya swali lile.

Cha kwanza ni chai. Kebirigo kuna kiwanda, na vilima vinavyokizunguka vyote ni kijani kimoja. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, wakayatupa kapuni mgongoni, mvua inyeshe isinyeshe. Yakishasindikwa hupakiwa kuteremshwa Mombasa, maana mnada wa chai ya Kenya na ya jirani zetu hufanyika kwetu. Kutoka hapo nyingi huvuka bahari, ikanywewa Pakistani, Misri na Uingereza. Mimi nimekaa Mombasa umri wangu wote na sikupata kumfikiria hata siku moja yule mama mwenye kapu. Mmoja wao alinikaribisha kikombe chenye maziwa mengi na sukari nyingi zaidi, pamoja na ndizi za kuchemsha, na baridi ikanitoka mpaka unyayoni.

Nikapita Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira unaupasua katikati, nikafika Kisii mjini kabla ya adhuhuri. Baada ya sala nilikula katika hoteli ya Waislamu isiyo mbali na msikiti. Niliagiza pilau, kwa mazoea tu. Mwenye hoteli akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, pilau utaila kwenu." Akaniletea ugali wa wimbi na mboga waiitayo chinsaga. Kuonja, kumbe ni mgagani wetu ule ule, tunaouacha uote ovyo nyuma ya nyumba! Wao huupika kwa maziwa polepole hadi uchungu unakuwa utamu. Nilirudisha sahani mara ya pili, na sioni haya kusema.

Saa nane mvua ikaanguka, kama iangukavyo huko mara nyingi mchana ukishapinda. Nikakimbilia kibanda cha mabati kilichoandikwa "Video" kwa chaki. Kiingilio kilikuwa shilingi ishirini. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni moja, na vijana waliojikunyata ndani ya majaketi. Picha ilikuwa ya Kichina, ya ngumi na mateke. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Kichina. Palikuwa na mtu anayesimulia picha nzima kwa Kiswahili, akiwapa Wachina majina ya Kikenya, akiwatania, akiwaonya kabla ya kupigwa. Niliambiwa kuwa mashuhuri wa kazi hiyo Kenya ni DJ Afro, na kwamba wengi hawaitaki picha isiyokuwa na sauti ya msimulizi.

Kazi yenyewe ina asili ndefu. Yale magari ya sinema ya serikali ya kikoloni, yaliyotundika pazia uwanjani usiku, yalikuwa na mtu wa kuwaeleza watu picha kwa lugha wanayoifahamu. Uganda wasimulizi husimulia kwa Kiganda, na Tanzania jina la Lufufu lilivuma kwa kazi hiyo hiyo. Sisi tulizitazama picha za Kihindi bila ya msimulizi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwaliza watu Unguja, na wengi wao hawakujua neno la Kihindi. Unguja palikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, wakaenda bila ya wasiwasi. Leo Regal, Naaz na Majestic za Mombasa zimenyamaza, na wajukuu wetu hutazama picha kila mmoja peke yake, simu mkononi.

Basi nikiwa kibandani nikamsikia msimulizi akipiga kelele kwamba "mbogi imefika." Nikadhani amesema mboga. Nikamwuliza kijana aliyekuwa ubavuni mwangu. Akanijibu kwa adabu, kwa Kiswahili safi cha shuleni, "Mzee, mbogi ni kundi la marafiki." Mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, nafundishwa maana ya neno na Mkisii!

Najua tutakalosema. Tutasema kile si Kiswahili, ni takataka za Nairobi. Kweli, msimulizi yule alitamka maneno mawili matatu ambayo nisingependa mabinti zangu wayasikie. Lakini wale vijana nyumbani kwao husema Ekegusii, na pale walikaa saa mbili wakicheka kwa Kiswahili bila ya kulazimishwa na mwalimu. Sisi wenye malenga, wenye masimulizi ya barazani, wenye ndimi za Kimvita na Kiamu, tumekaa vibarazani kulalamika kwamba lugha yaharibiwa. Mimi sijamsikia mtu wetu aliyeshika kipaza sauti akasimulia picha kwa Kiswahili chetu, kwa utani wetu na staha yetu. Kumbi za jamii tunazo. Jumamosi moja kwa mwezi, picha nzuri, msimulizi hodari, alasiri ya akina mama mbali na ya akina baba kwa wanaotaka hivyo: je, hilo latushinda?

Adhana ya alasiri iliponadiwa nilitoka, picha ikiwa imefika patamu. Niliporudi, kijana wangu alikuwa ameweka kofia yake juu ya benchi kunishikia nafasi. Akaniinamia sikioni, akanihadithia yote yaliyonipita, taratibu, huku mvua ikiendelea kupiga mabati.